Hoja Hii Inakufikisha Wapi?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimamia kikundi cha watu wanaopenda kusoma falsafa. Hatutoi vyeti na hakuna anayelipwa. Tunakutana jioni, tunachagua kurasa chache, tunazisoma kwa sauti, halafu tunabishana mpaka mwenye kufunga mlango aanze kutikisa funguo. Wamo Waislamu, wamo Wakristo wa madhehebu ambayo kwingineko hayapikiki chungu kimoja, na wamo wawili watatu wasioamini kabisa wala hawajifichi. Mada ambayo haiishi kuturudia ni ile ile: je, akili peke yake inaweza kuonyesha kwamba Mungu yupo, au kwamba hayupo?

Kazi yangu ni kugawa zamu za kusema. Ukikaa kwenye kiti hicho muda mrefu unaona mambo ambayo msemaji mwenyewe, kwa joto lake, hayaoni. La kwanza nililoliona ni kwamba watu hupoteza nguvu nyingi kushambulia hoja ambayo hakuna aliyewahi kuitoa.

Chukua swali lile maarufu: "Kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye kaumbwa na nani?" Karibu kila mgeni kijana huja nalo, na akishalitoa huegemea kiti kama aliyemaliza kazi. Ni swali zuri, ila linamhitaji mtu aliyesema kwamba kila kitu kina chanzo. Tulimtafuta. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, hakusema hivyo. Alisema kila chenye mwanzo kina kilichokianzisha, na ulimwengu una mwanzo. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, hakusema hivyo; yeye alianza na vitu ambavyo vingeweza kuwepo na vingeweza kutokuwepo, akauliza kinachovipa kuwepo ni nini. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 13, naye hakusema hivyo. Wote watatu walijenga hoja zao wakijua swali hilo litakuja. Zinaweza kuvunjika, ila si kwa swali hilo.

Jioni moja tulikuwa na Ghazali mezani. Aliyechagua kurasa alikuwa kijana mwanafunzi wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na upande wa pili alikaa mzee mmoja aliyestaafu kufundisha hesabu, ambaye sote tunamwita Mwalimu. Hoja yenyewe inapendeza. Tuseme mbingu zimekuwa zikizunguka tangu milele, bila mwanzo. Sayari ya Zohali humaliza mzunguko wake kwa takriban miaka 30, na jua, kwa namna walivyohesabu wakati ule, kwa mwaka mmoja. Basi mizunguko ya Zohali ni sehemu moja ya thelathini ya mizunguko ya jua. Lakini kama hakuna mwanzo, hii haina idadi na ile haina idadi. Sasa ipi ni nyingi? Na hiyo mizunguko isiyo na ukomo, anauliza Ghazali kwa ukali kidogo, ni shufwa au ni witiri? Ukisema shufwa, ongeza mmoja. Ukisema witiri, ongeza mmoja. Ukisema si shufwa wala witiri, umesema upuuzi.

Mwalimu aliinuka taratibu, akachukua chaki. Juu akaandika 1, 2, 3, 4 na nukta za kuendelea. Chini yake akaandika 30, 60, 90, 120. Akachora mishale. "Kila ya juu ina mwenzake chini," akasema, "na hakuna inayobaki bila mwenzake. Georg Cantor alishaturatibia haya katika karne ya 19. Kundi lisilo na mwisho linaweza kulingana na sehemu yake lenyewe. Ghazali ameona jambo la ajabu. Ajabu siyo ukinzani."

Kijana hakubabaika. "Ubaoni nakubali, Mwalimu. Lakini ubaoni namba hazitokei, zipo tu. Siku zilizopita zilitokea moja baada ya moja, na ya leo ilibidi isubiri zote zipite. Kama hazina mwanzo, leo tumefikaje?"

"Umeanza kuhesabu kutoka wapi?"

"Sijaanza popote. Ndiyo maana nasema hatufiki."

"Basi hakuna safari isiyofikika, kwa sababu hakuna pa kuondokea. Chagua siku yoyote iliyopita, hata ya zamani namna gani. Kutoka hapo mpaka leo ni siku zenye idadi."

Kijana akatazama ubao kwa muda. "Kila siku moja moja nakubali," akasema. "Zote kwa pamoja, hapana."

Mimi naona Mwalimu alikuwa na hoja iliyo safi zaidi, lakini nakiri kwamba ule usumbufu wa kijana haujanitoka. Mjadala huo uliniachia faida ambayo haikuwa imekusudiwa. Nilianza kutenganisha hoja mbili ambazo watu huzifunga furushi moja na kuziita "hoja ya chanzo". Ya Ghazali inategemea wakati: ulimwengu ulianza, basi kuna aliyeuanzisha. Ya Ibn Sina haijali kabisa kama kulikuwa na mwanzo au la. Hata ulimwengu ungekuwa wa milele, ungebaki kuwa mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja kingeweza kutokuwepo, na mkusanyiko huo ungeendelea kudai sababu ya kuwepo. Sababu hiyo, asema Ibn Sina, lazima iwe kitu ambacho kuwepo kwake hakukutoka kwingine, chenye kuwepo kwa lazima.

Aquinas yuko karibu na upande huo kuliko wengi wanavyodhani. Mfano wake ni wa mkono, fimbo na kinachosogezwa na fimbo. Fimbo inasogeza pale tu mkono unapoisogeza. Ukitoa mkono, hakuna kinachoendelea. Hapo hatuzungumzii jana na juzi, tunazungumzia sasa hivi. Kuhusu mwanzo wa ulimwengu aliandika waziwazi kwamba anauamini kwa imani, na kwamba akili haiwezi kuuthibitisha. Mara ya kwanza tulipousoma ukurasa huo, ndugu mmoja muumini alikasirika kweli, kana kwamba mtu wa nyumbani kamsaliti.

Tofauti hii ndiyo inayonifanya nikose raha mtu anapokuja na mlipuko mkuu, nadharia kwamba ulimwengu ulianza kwa kutanuka kutoka hali ndogo iliyosongamana, na kusema sayansi imethibitisha kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza. Georges Lemaître, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulitokana na kile alichokiita atomu ya awali, alikuwa padri. Papa Pius XII alipoihusisha elimu hiyo na uumbaji katika hotuba ya mwaka 1951, Lemaître hakufurahi. Alitaka nadharia yake ibaki kwenye fizikia. Alikuwa na busara. Anayeifunga imani yake kwenye fizikia ya mwaka huu atalazimika kuifungua, fizikia ya mwaka mwingine ikija. Hoja ya Ibn Sina haina shida hiyo, kwa sababu hakuna darubini inayoigusa.

Inayoigusa ni jibu la Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza asiyeamini. Mwaka 1948, katika mjadala wa redio wa BBC na padri Frederick Copleston, Russell alibanwa kuhusu sababu ya ulimwengu mzima, na akasema kwa kifupi kwamba ulimwengu upo tu, basi. Waumini wa kikundi chetu hulicheka jibu hilo. Mimi silicheki. Russell hakuikwepa hoja. Alitaja mahali hasa anapoikataa. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz aliandika mwaka 1714 kwamba swali la kwanza tunalostahili kuuliza ni kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, akitegemea kanuni kwamba hakuna jambo lisilo na sababu ya kutosha. Russell anasema kanuni hiyo inafaa kwa vitu vilivyomo ulimwenguni, na haina haki ya kuvuka mpaka huo. Tena kanuni yenyewe ina hatari kwa mwenye kuitumia: ukiishika kwa nguvu zote, kila kitu kinakuwa na sababu inayokilazimisha, na hiari inamezwa, ya mwanadamu na ya Mungu pia. Siku dada mmoja aliposema hilo, wote tulinyamaza tukitafuta pa kutokea. Bado tunatafuta.

Hapo ndipo nilipopata swali ambalo sasa namwuliza kila mtu, aaminiye na asiyeamini. Hoja ni kama basi. Kabla ya kupanda, uliza kituo cha mwisho ni kipi. Hoja ya Ibn Sina, ikifanikiwa, inakushusha kwenye kitu chenye kuwepo kwa lazima. Haikushushi msikitini wala kanisani. Ibn Sina mwenyewe aliendelea kutembea kutoka hapo, kurasa baada ya kurasa, akijaribu kuonyesha kwamba kitu hicho ni kimoja, hakina sehemu, kina elimu. Kwa Ghazali hakufika pazuri: alimshutumu kwa kumfanya Mungu ajue mambo kwa ujumla tu, asijue jambo moja moja la mja wake. Huo ulikuwa ugomvi wa Waislamu wawili, na una uzito kuliko mwingi wa leo kati ya muumini na mkana Mungu.

Mwanafalsafa David Hume aliipiga kwa fimbo hiyo hiyo hoja ya mpangilio, ile isemayo kwamba utaratibu wa ulimwengu unaonyesha kuna aliyeusanifu. Katika mazungumzo yake yaliyochapishwa mwaka 1779, baada ya kifo chake, mhusika anayeitwa Philo anasema: haya, tukubali kwamba ulimwengu umesanifiwa. Umejuaje kwamba msanifu ni mmoja? Huenda ni kamati. Huenda ni mungu mchanga aliyejaribu, akaona aibu, akaiacha kazi. William Paley alikuja mwaka 1802, miaka 23 baadaye, na mfano wa saa iliyookotwa njiani, ambayo lazima iwe na fundi aliyeitengeneza, na Charles Darwin akaja mwaka 1859 na maelezo ya namna macho na mabawa yanavyoweza kupatikana bila fundi. Siku hizi hoja imehamia kwenye viwango vya fizikia, kwamba vingepishana kidogo tu nyota zisingekuwepo. Wanaojibu hutaja malimwengu mengi yasiyo na idadi. Sina ujuzi wa kuamua hapo, na nimegundua kwamba wanaoamua upesi nao hawana.

Anselm, mtawa wa karne ya 11, nitampitia haraka, ingawa Mwalimu atanilaumu. Mnamo mwaka 1078, akianza na yule mpumbavu wa Zaburi asemaye moyoni kwamba hakuna Mungu, alisema kuwa hata huyo analo akilini wazo la kile ambacho hakiwezi kuwaziwa kikubwa zaidi. Na kama kingekuwa akilini tu, kingewaziwa kikubwa zaidi, yaani kilichopo kweli. Mtawa mwenzake, Gaunilo, akamjibu kwamba kwa njia hiyo unaweza kuthibitisha kisiwa bora kuliko vyote. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1781, akaongeza kwamba kuwepo si sifa inayoongezwa juu ya sifa nyingine: thaleri (sarafu za Kijerumani za zamani) mia za mawazo na thaleri mia za kweli ni mia zile zile, isipokuwa mfukoni. Mimi hoja hii haijawahi kunishika. Nilichokipenda ni tabia ya mwenyewe. Anselm alitaka pingamizi la Gaunilo linakiliwe pamoja na kitabu chake, likifuatiwa na jibu lake, ili msomaji ahukumu.

Kutokana na hilo tuliweka sharti kikundini. Huruhusiwi kujibu hoja ya mwenzako mpaka uieleze upya kwa maneno yako, na mwenyewe aseme, "Ndivyo." Sharti linaudhi. Linachelewesha. Watu wawili waliacha kuja kwa sababu yake. Lakini jioni yule mwanafunzi wa fikihi alipoieleza hoja ya uovu, ile isemayo kwamba uovu uliopo unapinga kuwepo kwa Mungu mwema, mkana Mungu wetu mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndivyo, na hapo katikati umeisema vizuri kuliko mimi." Kijana alipaswa kujibu mara moja. Aliomba wiki moja.

Na kwa kweli hoja hiyo inastahili wiki. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie alisema Mungu mwenye uwezo wote, mwema kabisa, na uovu, haviwezi kukaa pamoja kimantiki. Mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga alijibu katika miaka ya 1970 kwamba vinaweza: huenda haiwezekani hata kwa Mungu kuumba viumbe wenye hiari ya kweli na papo hapo kuwahakikishia wasikosee kamwe. Wengi, hata wasioamini, walikubali kwamba kwa ile hoja ya ukinzani Plantinga alishinda. Watu wengi huishia hapo, wakidhani jambo limekwisha. Mwanafalsafa William Rowe aliligeuza mwaka 1979. Hakusema haiwezekani, alisema inaonekana si kweli. Mfano wake ni mtoto wa paa aliyenaswa katika moto wa msituni uliowashwa na radi, akaungua, akalala siku kadhaa na maumivu kabla ya kufa. Hakuna mwanadamu aliyechagua kitu hapo. Hakuna aliyeona ili ajifunze. Hiari ya nani inalindwa?

Mmoja wetu, muuguzi kwa kazi yake, alifiwa na mtoto kwa ugonjwa. Tulikwenda kumpa pole. Ndugu mmoja wa kikundi, mtu mwema, ambaye nadhani aliogopa kimya, akaanza kumweleza habari ya hiari na sababu zisizoonekana. Alikuwa na simu mkononi, anasoma. Yule mama alimwacha amalize aya moja, kisha akasema kwa upole, "Kaka, mimi sijauliza swali."

Plantinga mwenyewe alikwisha kuonya kwamba mtu aliyeumia hahitaji hoja yake, anahitaji mtu wa kumtunza. Hilo halimaanishi hoja haina kazi. Baada ya muda mrefu muuguzi yule alirudi, na alipopata zamu ya kuchagua kurasa alichagua Rowe. Tulidhani anatafuta faraja. Alikuja na kalamu. Alisema hiari haielezi ugonjwa, na wanaosema ugonjwa hukomaza roho wanamsahau mtoto mchanga, ambaye hakukomaa chochote. Mtu akamjibu kwa jibu ambalo leo wengi hulitegemea: akili zetu ni ndogo, hatuwezi kutazamia kuziona sababu za Mungu. Ndilo jibu la kitabu cha Ayubu pia, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Muuguzi akasema, "Nalikubali, lakini lilipie. Kama siwezi kujua kwamba kifo kile hakikuwa na kheri iliyofichika, nikimkuta mtoto wa jirani anazama, nitajuaje kwamba kumwokoa si kuiharibu kheri nyingine iliyofichika?" Sijasikia jibu linalonitosha. Yeye bado anaamini. Aliniambia siku nyingine kwamba hoja ya Rowe inamfikisha kwenye hasira, na hasira humhitaji mtu wa kukasirikiwa. Kimantiki si hoja. Niliiandika hata hivyo.

Ila hoja inayoniuma kuliko zote ni ya mwanafalsafa J. L. Schellenberg, ya mwaka 1993, na sikuijali mpaka nilipoisikia kwa sauti ya mtu ninayemjua. Schellenberg anasema Mungu mwenye upendo kamili angekuwa tayari daima kwa uhusiano na kila anayeweza na kutaka. Basi kusingekuwa na mtu anayemtafuta kwa moyo safi akakosa hata kusadiki kwamba yupo. Na watu hao wapo. Mmoja wa wasioamini wetu aliongeza maneno machache. Alisema aliomba kwa miaka, kwa machozi, hakuasi, hakuwa na dhambi tamu aliyoing'ang'ania, na mwisho alijikuta anazungumza peke yake. Muumini mmoja akaanza kumwambia kwamba labda hakuomba kwa dhati. Nilimkatiza. Ni mara chache natumia mamlaka ya kiti changu hivyo, na ningefanya tena. Ukimjua mtu, huwezi kuiokoa hoja yako kwa kumfanya mwongo.

Mwaka 2004 mwanafalsafa Antony Flew, aliyekuwa mkana Mungu mashuhuri kwa zaidi ya nusu karne, alitangaza kwamba sasa anakubali yupo Mungu wa namna fulani. Tulipolijadili, waumini walifurahi kama waliofunga bao na wasioamini wakalaumu uzee wake. Nikauliza swali langu la kituo. Flew alishuka kwenye Mungu anayefanana na wa Aristotle, asiyejishughulisha na mambo ya watu, na yeye mwenyewe hakutarajia maisha baada ya kifo. Furaha ikapoa pande zote mbili, na mjadala ukaanza kuwa na maana.

Huulizwa mimi nasimama wapi. Nasali. Sikuanza kusali kwa sababu ya Ibn Sina, na sidhani nitaacha kwa sababu ya Rowe, ingawa sala zangu zimebadilika tangu nimsome. Zina madai zaidi na ahadi chache. Lakini anayeniambia kwamba hoja ya Ibn Sina ni porojo namwuliza ni msingi upi anaoukataa: kwamba vipo vitu ambavyo vingeweza kutokuwepo, au kwamba kuwepo kwao kunadai sababu? Na muumini anayempuuza yule mtoto wa paa namwuliza vivyo hivyo, aonyeshe kwa kidole mahali hoja inapovunjika. Kijana wa fikihi, baada ya wiki yake moja, alirudi na kurasa nne za mwandiko mdogo. Hatujamaliza ya pili. Mwalimu ana zamu inayofuata, na ametishia kuturudisha kwa Anselm.